Mrejesho: Moyo mkavu msimu wa kusi

Bwana asifiwe wapendwa. Niliwauliza namna ya kumshukuru Mungu kila siku wakati upepo wa kusi umekaza hapa Malindi, samaki haba, na neno la Jumapili linakauka moyoni kabla ya Jumatano. Mlionielekeza kitabu cha Kutoka sura ya 16 katika Biblia, asanteni sana. Habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuzingatia kwamba waliokota ya siku hiyo tu, pishi moja kwa kila mtu, na iliyolazwa ikaingia mabuu. Isipokuwa ya siku ya sita, ya kuvukia Sabato, hiyo haikuoza.

Sasa kabla sijashika nyavu nasoma mistari michache, nashukuru kwa jambo moja, basi. Kuna siku sihisi chochote. Nashukuru hivyo hivyo.

Yule aliyeniahidi kwamba nikishukuru samaki watajaa, samahani ndugu yangu, hilo sikulichukua. Bahari bado imechafuka na deni la dukani lipo. Ila silali tena nikiwaza imani ya kesho nitaitoa wapi. Mke wangu naye amejiunga. Akiomba yeye, sala huwa fupi kuliko yangu na chai haipoi.