Mwaka wa joto kuliko yote kwa asilimia 38: tuuamini?

Mhasibu
Habari zenu ndugu. Januari 2015 wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitangaza kuwa 2014 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko miaka yote tangu mwaka 1880, ambako kumbukumbu zao zinaanzia. Jedwali lao wenyewe, hata hivyo, liliupa mwaka huo uwezekano wa asilimia 38 tu wa kushika nafasi ya kwanza, na tofauti yake na 2010 ilikuwa takribani sehemu mbili za mia za nyuzi. Mimi ninatunza hesabu za shule ya bweni, na nikimpelekea mkaguzi hesabu ya namna hiyo atanirudishia daftari. Tangu tuagizwe kuacha kuni jikoni, fungu la nishati linaisha kabla ya muhula kwisha. Je, sera zinazotugharimu hivi zimejengwa juu ya takwimu kama hizo?

Mwalimu wa hisabati
Ndugu Mhasibu, kuhusu tangazo lile una haki ya kulalamika, kwani neno "huenda" lilistahili kuwamo kwenye vichwa vya habari. Lakini jedwali hilo lisome hadi chini: 2010 ulipewa asilimia 23, 2005 ukapewa 17, na 1998 ukaambulia 4. Ubishi ulikuwa juu ya nani ameongoza darasa, wala si kama darasa zima limepanda alama. Tena miaka iliyofuata haikuacha nafasi ya ubishi huo, kwa sababu katika vipimo vya Copernicus, mradi wa Umoja wa Ulaya unaofuatilia tabianchi, mwaka 2023 uliupita 2016 kwa nyuzi 0.17, na 2024 ukaupita 2023 kwa nyuzi 0.12. El Niño, yaani kupanda kwa joto la bahari ya Pasifiki kunakojirudia kila baada ya miaka kadhaa, ilichangia, hilo sikatai, ila El Niño zilikuwapo zamani pia na hazikufika huko.

Fundi wa meli mstaafu
Wengi husema vipimo vya zamani "vimechezewa". Nimekaa chumba cha injini miaka mingi, kwa hiyo hili naweza kulieleza. Zamani baharia alitupa ndoo ya turubai baharini, akaivuta hadi sitahani, na upepo ukayapoza maji kabla hajasoma kipimajoto. Baadaye joto likawa linasomwa kwenye bomba linaloingiza maji ya kupozea injini, na kule chini ni tanuri, hivyo namba ikapanda ingawa bahari ilikuwa ileile. Ukiunganisha vipimo hivyo viwili bila kusahihisha, unapata ongezeko la uongo. Masahihisho yanapandisha vipimo vya ndoo, na kwa sababu bahari ndiyo sehemu kubwa ya dunia, ongezeko lote tangu karne ya 19 linaonekana dogo kuliko lilivyo kwenye namba ghafi. Anayetaka kutia chumvi hawezi kuanza kwa kupunguza.

Mchangiaji wa nne
Naafiki maelezo ya mzee. Hata Richard Muller, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, aliyevitilia shaka vituo vya kupimia joto vya mijini, alipiga hesabu upya na kundi lake, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka kwa wakfu wa Charles Koch, tajiri wa mafuta wa Marekani, na mwaka 2012 akakiri kuwa ongezeko ni la kweli na linatokana na binadamu. Mimi shaka yangu iko kwingine: kipimajoto hakisemi nani alipe. Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na nishati duniani. Agizo la kuni mashuleni litetewe kwa moshi unaoingia vifuani mwa wapishi na kwa misitu inayokwisha, na anayeliagiza aulizwe fedha za majiko na mitungi zitoke wapi. Swali hilo lingebaki palepale hata kama 2014 ungekuwa mwaka wa kumi.

Mhasibu
Mzee, ndoo ya turubai imenishinda. Nilikuwa nimeandika barua kwa bodi ya shule; aya ya NASA naifuta, ya bei ya mtungi naiacha, na hiyo ya mapafu ya wapishi nitaiongeza, maana mpishi wetu mkuu anakohoa tangu nimfahamu.