MAFUNDI WA MOMBASA, NANI ALIWAAMBIA VIFAA VYA BARIDI KWENYE KABURETA HAVINA KAZI?

Wadau, salaam. Leo nimekuja na hasira na sina haja ya kuificha.

Nina Hilux ya zamani, injini ya 22R, cc 2,366, ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kazi yake ni kupandisha nazi bara na kushusha kabeji na mbatata kutoka Kinangop hadi Soko la Kongowea. Hapa Mombasa yawaka mara moja tu. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, hakuna neno. Shida yaanza tukishapita Nairobi na kupanda Limuru alfajiri ya mwezi wa saba, ukungu umelala barabarani. Yaenda vizuri robo saa hivi, kisha nguvu zaanza kupotea, yashtuka-shtuka, na nikiondoa mguu kwenye mafuta yazima. Nasogea pembeni malori yakinipigia honi mgongoni. Nikikaa dakika chache na kupiga starta, yawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Mbele kidogo, yale yale.

Sasa sikilizeni nilivyoliwa pesa. Huko juu fundi wa kwanza alisema plagi, nikabadilisha. Mwingine akasema koili, nikanunua. Mwingine akaapa ni pampu ya petroli. Mwingine akasema petroli yangu imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Hilo la mwisho si la kupuuza, maana uchakachuaji ulikithiri mpaka Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lakini yakhe, petroli iliyochanganywa haijiponyi yenyewe ukisimama dakika tano! Ingekusumbua kuwasha popote, ingetoa moshi, na ingekufuata mpaka nyumbani. Nikirudi Mombasa, fundi wangu apiga starta, asikiliza, aniambia "mbona iko sawa?" Bila shaka iko sawa! Mombasa hata katikati ya kipupwe, sisi tumejifunika shuka tukilalamika, usiku wenyewe ni digrii ishirini hivi. Ugonjwa wa baridi utauonaje mahali pasipo na baridi?

Ikabidi nitafute picha za injini hii ilivyotoka kiwandani, nikazishika mkononi, nikafungua boneti na kulinganisha kitu kimoja kimoja. Wallahi nilitetemeka kwa hasira. Lile bomba linalovuta hewa moto kutoka kwenye kifuniko cha bati juu ya eksozi na kuipeleka kwenye mdomo wa chujio la hewa halipo. Kilango cha choki, kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi ili iwake, kimefungwa kwa waya kibaki wazi. Themostati, kile kilango kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imeng'olewa, nyumba yake tupu. Nikamuuliza fundi aliyeshika gari hii Changamwe kwa miaka. Jibu lake: "Hivyo ni vya Ulaya, kwetu hakuna barafu."

Hapo ndipo mnapoua magari ya watu. Barafu ya kabureta haingoji digrii sifuri! Petroli ikigeuka mvuke ndani ya koo la kabureta hunyonya joto, na hewa ikipita pale pembamba inapoa zaidi. Joto la hewa laweza kushuka digrii ishirini au zaidi pale ndani. Sasa chukua hewa ya Limuru ya digrii kumi, iliyojaa unyevu wa ukungu, ipitishe humo. Unyevu wageuka barafu juu ya kilango cha mafuta, kile kinachofunguka ukikanyaga, na kwenye vitundu, hewa yabanwa, injini yakosa pumzi. Ukisimama, joto la injini lapanda juu, barafu yayeyuka, gari yawaka. Ushahidi umekwisha. Baridi kavu ya chini ya sifuri ina unyevu mdogo, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye ukungu wa digrii tano hadi kumi na tano. Yaani Limuru, Kinangop, Timboroa, Molo. Kenya hii hii.

Kuthibitisha ni rahisi, na hakuna fundi hata mmoja aliyenifanyia. Gari ikizima, usisubiri. Simama mahali salama, zima swichi, fungua kifuniko cha chujio la hewa papo hapo na umulike tochi ndani ya koo. Mimi nilikuta utando mweupe umeshika ukingo wa kilango, na kabureta kwa nje baridi, yatiririka maji, ilhali injini chini yake ni ya moto. Nikapiga picha. Nikafunga bomba la bati la kujikunja kutoka kwenye eksozi hadi mdomo wa chujio, na safari ile ile, ukungu ule ule, gari haikuzima tena. Plagi, koili na pampu zote nilizinunua bila faida.

Na msiniambie hewa moto ingeiharibu gari huku Pwani. Mdomo wa chujio una kilango chake cha kuchagua, injini na hewa zikiwa na joto chafunga upande wa eksozi na kuvuta hewa ya kawaida. Kiwanda kilishafikiria Mombasa na Limuru kwa pamoja. Bomba hilo lilikuwa likimdhuru nani?

Themostati nayo yaniuma zaidi. Iliondolewa kwa sababu gari ilikuwa ikichemka. Ilichemka kwa nini? Kwa sababu rejeta ilijaa kutu na magadi ya maji ya kisima, maji yetu haya ya chumvi, ambayo gereji hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ikiyamimina. Badala ya kuosha rejeta na kuweka maji safi yenye dawa, wakang'oa themostati. Kwenye 22R maji ya moto hupita chini ya manifoldi ya kabureta, lile bomba linalogawa hewa na petroli kwa silinda, kuipasha. Bila themostati, kwenye baridi maji hayafiki hata karibu na ile digrii 82 au 88 inayotakiwa, manifoldi yabaki baridi, petroli yashika ukutani kama jasho badala ya kuwa mvuke. Matokeo yake ni misi (injini kurukaruka), ulaji wa mafuta, na petroli mbichi inayoosha oili kwenye silinda. Vuta kijiti cha oili unuse. Yangu ilinuka petroli. Na themostati hupimwa jikoni, jamani! Itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa moto, ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, itupe ununue nyingine.

Anayesumbuliwa kama mimi aangalie gari yakataa saa ngapi, kabla hajafungua pochi. Ikikataa kuwaka kabisa asubuhi, anza na choki na betri. Betri zetu za Pwani huchoshwa na joto kimyakimya, na aibu hutoka siku ya baridi. Ukipiga starta na volti zikaanguka chini ya 9.6, usimsumbue fundi wa kabureta. Oili nzito ya SAE 40 nayo hukaza injini, kwa hiyo weka 20W-50 ukiwa mtu wa kupanda bara. Ikiwaka lakini ikajikwaa kila ukikanyaga mafuta, zima injini, chungulia kooni, sukuma mkono wa mafuta. Usipoona petroli ikiruka, ile pampu ndogo ya kabureta imekufa, na joto la Mombasa lilikuwa likikufichia. Ikienda vizuri kisha ikafa njiani kwenye ukungu wa baridi na kujiponya, yaelekea ni barafu. Na ikinguruma ovyo wakati wote, mwaga maji ya sabuni chini ya kabureta na kwenye mipira ya vakyumu (ile inayobeba mvuto wa hewa wa injini), maana mingi imekauka na kupasuka. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingilia.

Kitu kingine. Fundi wa Limuru alizungusha skrubu ya mchanganyiko bila kuniuliza. Kule ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa Mombasa humwaga petroli nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo aliipunguza. Sawa kwake. Nilipoteremka Pwani injini ikawa na njaa, yazima kila taa za barabarani. Mkizungusha kitu kwenye gari ya mtu, mwambieni mmezungusha mara ngapi na upande gani!

Sasa nahitaji nyumba nzima ya chujio la hewa ya 22R yenye kilango chake cha hewa moto kinachofanya kazi, si bati la kuunga. Mwenye nayo Mombasa, Mariakani hata Voi anitumie ujumbe. Na mwenye fundi anayejua kupanga choki ya maji ya moto, ile inayojifungua maji ya injini yakipata moto, asinifiche.

Na wewe fundi wa Changamwe, najua unasoma humu. Vifaa ulivyong'oa ni mali yangu, sikukupa. Tafuta themostati yangu na bomba langu, nakuja kuvichukua Jumamosi. Kama ulishaviuza kwa wa chuma chakavu, andaa bei ya vipya.