Naombeni ushauri: fitina ya bi mkubwa na suria imenikwama sehemu ya 6

Wino_Mbichi
Wakuu, habari za jioni. Nina mswada wa tamthilia ya kihistoria, sehemu 13, kila moja dakika 25. Ni habari za jumba la mfalme: kuna bi mkubwa, halafu anaingia suria mgeni anayependwa kupita kiasi. Mpaka sehemu ya 5 mambo yalikwenda vizuri. Sehemu ya 6 bi mkubwa anapanga kumtilia sumu mtoto wa kiume wa suria, ili mwanawe yeye ndiye aje kurithi kiti. Kila ninayempa asome ananiambia haamini. Nimelifumua onyesho la jikoni na kulifuma tena, hali ni ile ile. Naombeni mnisaidie, hiyo sumu niifanyeje mpaka mtazamaji aamini? Mswada unatakiwa mwisho wa mwezi na usingizi sina.

KalamuKavu
Ufalme upi na mwaka gani? Bila hayo tutakuwa tunapapasa gizani.

Wino_Mbichi
Ufalme wa zamani tu, mkuu. Masultani. Swali langu ni la hiyo sumu.

Msimulizi wa Usiku
Mkuu, sumu yenyewe kwenye runinga haizidi nusu dakika. Kinachomshika mtazamaji ni siku zilizotangulia. Mtazamaji ajue mpango kabla ya anayepangiwa, hapo ndipo kikombe kikipita mezani moyo wake unadunda. Kama yeye na mlengwa wanajua pamoja, hofu huna, una mshtuko tu, na mshtuko unakwisha haraka.

Igawe fitina katika sehemu tatu. Ya kwanza, apatikane mbebaji. Bi mkubwa hashuki jikoni kwa miguu yake, anahitaji kijakazi au towashi, na huyo awe na sababu yake mwenyewe: deni, ndugu aliyefungwa, ahadi ya kuachwa huru. Ya pili, mpango ukwame kwa kitu kidogo, kwa mfano mtoto anashikwa na homa na siku hiyo hali chakula. Ya tatu, ufaulu lakini umpate asiyekusudiwa. Kisha lazima mtu alipe. Wengi wanaharibu hapo: Sultani anasamehe, sehemu inayofuata wamekaa pamoja wanakula halua, na kuanzia hapo hakuna tena anayeogopa chochote. Na hayo ya kusikiliza nyuma ya pazia, mara moja kwa tamthilia nzima inatosha.

Haseki wa Temeke
Kwa kuwa umesema masultani, nachukulia ni Istanbul, maana ndiko tulikozoea kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kule sababu ya kuua ipo, na ndiyo inayobeba kila kitu. Kanuni ya Sultani Mehmed wa Pili ilimruhusu anayekalia kiti kuwaua ndugu zake wa kiume. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kiume alikuwa na njia mbili tu, mwanawe atawale au mwanawe anyongwe.

Desturi ilikuwa suria akishazaa mtoto wa kiume, hazai tena na Sultani. Mtoto akikua anapewa jimbo, na mama anafuatana naye. Ndivyo Mahidevran, suria wa Sultani Suleiman, alivyokwenda jimbo la Manisa na mwanawe Mustafa mwaka 1533. Hürrem, suria mwingine wa Suleiman, akaivunja desturi hiyo yote: alizaa watoto kadhaa wa kiume, Suleiman akamwoa ndoa ya halali, na akabaki Istanbul. Hapo kila mtu jumbani alijua kwamba mmoja wa hawa wanawake wawili atazika wanawe. Mustafa aliuawa mwaka 1553 kambini kwa baba yake, karibu na Ereğli, wakati waziri mkuu ni Rüstem Pasha, mkwe wa Hürrem. Umeona? Hakuna sumu hata tone. Barua, mkwe na uvumi kwamba kijana anataka kiti cha baba vilitosha.

Na tafadhali usimpe mtu kahawa yenye sumu kwenye mwaka 1525. Nyumba za kahawa Istanbul zilifunguliwa katikati ya miaka ya 1550. Mpe sharubati.

Mama Mwenye Radhi
Mimi nina neno kwa waandishi wetu wote. Kwa nini kila tamthilia ya kifalme mchawi ni mwanamke? Mwanamume amenunua wanawake sabini, amewafungia nyuma ya ukuta mmoja, amewafanya wangoje zamu zao, halafu kosa ni la yule aliyeona wivu. Wivu haukuzaliwa na hao wanawake, umepikwa na nyumba. Mwandishi anayemwogopa Mungu aonyeshe na mpishi wake.

KalamuKavu
Mama umesema kweli, na ndiyo maana narudia swali langu. Nyumba ipi? Wivu wa Istanbul umepikwa na kanuni ya Istanbul. Mleta uzi, tutajie jumba.

Wino_Mbichi
Haya. Ni jumba la Mtoni, Unguja, miaka ya 1840. Sultani ni Sayyid Said na bi mkubwa ni Bibi Azza bint Seif. Sikutaka kusema mapema kwa sababu nilijua uzi utageuka darasa la historia. Mavazi yameshashonwa, na waigizaji wawili wameshapokea malipo ya awali, pamoja na mtoto anayecheza mwana wa Bibi Azza. Siwezi kurudi nyuma. Nataka tu sehemu ya 6 ikae sawa.

Fundi Barakoa
Mavazi yameshashonwa kwa vitambaa gani? Kama kuna kanga, ziweke kando, zilienea miongo ya mwisho ya karne ile, na zile zenye maandishi ni za karne ya 20. Wanawake wa jumba wavae suruali za marinda, kanzu fupi ya hariri juu yake, ushungi kichwani, barakoa na shela wakitoka. Vijakazi kaniki inatosha. Kwa kamera, hariri yenye kung'aa sana inakula uso wa mwigizaji kwenye mwanga wa taa ya mafuta, chagua iliyofifia kidogo.

KalamuKavu
Tumefika penye tatizo. Bibi Azza hakuzaa na Sayyid Said. Huyo mtoto umemtoa wapi?

Wino_Mbichi
Najua, ndiyo maana nimempa mtoto. Sanaa ina uhuru wake. Bila mtoto hana sababu ya kumchukia suria. Tena kisa chenyewe si cha kubuni, ni simulizi ya wazee wa huko: kwamba siku moja Bibi Azza alimrukia suria kwenye roshani ya Beit al-Ajaib, lile jumba la mjini Unguja, akamkwaruza uso na kumng'oa nywele, na Sultani alipomwita yule suria alikataa kwenda, akasema amechakazwa, hafai tena kutazamwa na bwana wake. Nimeliweka sehemu ya 4 na ndilo onyesho langu bora.

Binti Mizingani
Hapo simama, ndugu yangu. Beit al-Ajaib imejengwa na Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said, mwaka 1883. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Bibi Azza angeipandaje roshani ambayo ilikuwa bado haijawekewa msingi?

Haseki wa Temeke
Na hicho kisa nakijua. Mwenye kucha ni Mahidevran, aliyekwaruzwa ni Hürrem, na aliyekiandika ni Bernardo Navagero, balozi wa Venice, katika taarifa yake ya mwaka 1553. Mpaka lile neno la kukataa kwenda kwa kuwa hafai kutazamwa limo humo. Hakuna mzee wa Unguja aliyekusimulia hili.

Chema Chajiuza
Ndiyo maana alikuwa anakwepa kutaja jumba! Wakuu, mimi sasa naona hakuna mswada, hakuna mavazi, wala hakuna mtoto aliyelipwa. Huyu ana kazi ya darasani anataka tumfanyie. Au mnaona mtu mzima atang'ang'ania sumu hivi kwa ajili ya tamthilia tu? Bi mkubwa mmoja mahali fulani aanze kujipikia mwenyewe.

Mama Mwenye Radhi
Astaghfirullah. Kama ni hivyo uzi ufungwe. Watu wanaandika mambo ya kudhuru watoto na sisi tunawapa hatua moja baada ya nyingine.

Wino_Mbichi
Mswada upo na sehemu 5 zimekwisha. Aliyenisimulia alinihakikishia ni ya Mtoni. Roshani naweza kuihamishia jumba lingine. Lakini nikiondoa ugomvi na nikiondoa mtoto, nitabaki na nini? Wanawake waliokaa kimya wanafuma?

Binti Mizingani
Utabaki na Mtoni yenyewe, ambayo mpaka sasa hujaigusa. Wawe wanakuamini au hawakuamini, mimi nitaandika, maana wapo wengine watakaosoma.

Anza na sheria ya nyumba. Suria aliyemzalia bwana wake hauzwi wala hatolewi zawadi, na bwana akifa yeye yu huru. Mtoto wake ni huru tangu kuzaliwa na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mke wa ndoa naye, bwana akiacha watoto, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane, hata kama hakuzaa. Sasa hesabu: Bibi Azza akimuua mtoto wa suria anapata nini? Fungu lake haliongezeki hata pesa moja. Na hapakuwa na kanuni ya ndugu kunyongana. Wasomaji wako hawakukataa sumu, walikataa sababu, hata kama hawakuweza kuitaja. Umeichukua fitina ya Istanbul ukaipandikiza mahali ambapo haina mizizi.

Kilichogombewa Mtoni ni heshima na ukaribu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa humo mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba Bibi Azza alikuwa mfupi, hana uzuri wa kutajwa, na bado Sultani alimsikiliza kwa kila jambo, na wote walimwogopa. Huyo ni mwigizaji wa ajabu ukimwandika vizuri! Mwanamke asiye na mtoto ndani ya nyumba iliyojaa watoto wa wengine, ambaye silaha yake ni kusikilizwa. Hahitaji kijakazi wa sumu. Anahitaji kusema neno moja asubuhi, na suria fulani hapewi nyumba ya mjini, au mwanawe hapandi safari.

Meza pia itumie. Masuria hawakula na Sultani hata wangependwa vipi. Watoto wao walikula naye wakishafika umri. Kwa hiyo mama amebaki chumbani, mwanawe wa miaka saba yuko mezani na Bibi Azza. Hilo ni onyesho la dakika nne bila mtu kuinua sauti. Na wao kwa wao walikuwa na ubaguzi: Wacherkasi, masuria waliotoka Kaukazi, hawakutaka kula na Wahabeshi, na watoto wa Kicherkasi wenye macho ya buluu waliitwa paka na ndugu zao. Lugha nayo, mbele ya Sultani Kiarabu, akitoka tu kila mtu anarudia Kiswahili, Kihabeshi, Kicherkasi, Kituruki. Usengenyi mbele ya mtu asiyeelewa unakuja wenyewe.

Msimulizi wa Usiku
Hapo kwenye lugha nakubali kabisa. Ila tamthilia ya sehemu 13 haiwezi kuishi kwa meza na macho. Inahitaji hatari.

Binti Mizingani
Hatari ipo, sema haiko kwa wake wenza, iko kwa watoto wao. Masuria wawili wa Kicherkasi, Sara mama yake Majid, na Jilfidan mama yake Salme, waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea watoto wake. Sara akatangulia, na Jilfidan akatimiza. Jilfidan alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo Barghash akataka kumpindua ndugu yake Majid, aliyekalia kiti cha baba yao, na Salme, binti wa yule aliyeahidi, akawa upande wa Barghash! Alikuwa na miaka kama 15, na ndiye aliyeandika barua za njama, kwa sababu alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Salme na dada yake Khole waliingia usiku wakamtoa wamemvika nguo za kike, wakapita naye mbele ya askari. Ahadi imewekwa sehemu ya 6, imevunjwa sehemu ya 12. Haihitaji sumu wala kucha.

Wino_Mbichi
Sehemu zangu zote ni za miaka ya 1840. Na yule mtoto aliyelipwa nimpeleke wapi?

KalamuKavu
Ana miaka mingapi?

Wino_Mbichi
Kumi na mmoja.

Binti Mizingani
Basi ni Majid. Katikati ya miaka ya 1840 alikuwa mtoto wa umri huo huo. Mtoe kwa Bibi Azza umrudishe kwa Sara, mkataba wake haubadiliki. Sara awe mgonjwa kuanzia sehemu ya 5, ahadi iwe ya 6. Mwaka wa kifo chake usiutaje kwenye maandishi ya skrini, mwonyeshe tu amekwisha kufa kabla Jilfidan na Salme hawajahamia mjini, Bet il Watoro, nyumba ya Majid. Kuanzia sehemu ya 9 ruka hadi 1856, meli inarudi na maiti ya Sultani. Utahitaji mwigizaji mwingine wa Majid mtu mzima na mmoja wa Salme, hao hukuwa nao.

Fundi Barakoa
Na shela moja pana ya kumtosha mwanamume mrefu. Barghash asionekane viatu, kata pindo refu kuliko kawaida na umfanyishe mazoezi ya kupanda ngazi nayo kabla ya siku ya kurekodi, ataikanyaga.

Wino_Mbichi
Ugomvi wa roshani je? Nimeupenda sana huo.

Haseki wa Temeke
Urudishe kwa wenyewe.