Kupasha joto kabini ya mashua ndogo ya tanga, baridi ya Uingereza

Habari zenu, ndugu. Nauliza kuhusu mashua ya futi 26: jiko la gesi la kupikia linafaa kuachwa linawaka usiku ili kabini ipate joto? Asubuhi kuta zinachuruzika maji. Na hita ya dizeli ifungwe vipi?

*

Dada, jiko hilo lizimwe kabla ya kulala, kuanzia leo. Halina bomba la kutoa moshi nje. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ndiyo hayo ya ukutani. Lakini maji yanafutika kwa kitambaa. Cha kuogopa ni kaboni monoksaidi: haina harufu wala rangi, na moto huitoa kwa wingi hewa ya kabini inapoanza kuchoka. Jiko la mkaa ni hatari zaidi, kwani hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa. Lisishuke kabini kabisa.

Ukiwa gatini, tumia hita ya umeme ya wati 500 hadi 1000. Waya wa kuongezea ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umeviringwa unachemka mpaka unayeyuka. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, soketi imelegea au ina kutu.

Ukiwa mbali na gati, hita ya dizeli ya kilowati 2 inatosha. Hewa ya kuchomea ivutwe kutoka nje na moshi utoke nje, kila kimoja kwa bomba lake. Waya wa betri uwe mnene na uwe na fyuzi: wakati wa kuwaka hita huvuta takribani ampea 10, na waya mwembamba ukipoteza volti, haiwaki. Kuzima, tumia swichi yake, kisha subiri feni isimame yenyewe. Ukikata umeme ghafla, joto linabaki ndani na kuiunguza.

*

Shikamoo kaka. Naongezea kuhusu ekzosi, maana hapo ndipo mafundi wengi wa haraka hukosea. Kabla ya kutoka ubavuni, bomba lipande juu na kupinda kama shingo ya bata, wimbi lisirudi ndani. Lizungushiwe kitambaa cha kuzuia joto, lisiguse mbao. Ukiona masizi meusi kwenye kiungo chochote, moshi unavuja. Usiwashe tena mpaka kifungwe upya.

Hita isiachwe kwenye moto mdogo siku nzima, itajaa masizi. Iendeshe kwa nguvu zote nusu saa kila siku.

Dada, king'ora cha kaboni monoksaidi kiandikwe EN 50291-2, ndicho cha mashua. Kiweke usawa wa kichwa cha anayelala, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, na ukibonyeze kila wiki kukijaribu. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa pamoja, fungueni mlango, zimeni moto, tokeni nje, pigeni 999. Matundu ya hewa msiyazibe kwa matambara hata kukiwa na barafu.