Mrejesho: kuwakilisha maji na chombo katika hifadhi ya maarifa ya kompyuta
Niliuliza namna ya kuieleza kompyuta kwamba maji yaliyomo kikombeni humwagika kikombe kikiinamishwa, nikashauriwa kufuata njia ya Patrick Hayes, mtafiti wa akili bandia aliyependekeza mwaka 1979 kwamba fizikia ya kila siku iandikwe kwa mantiki rasmi, yaani kwa kanuni za alama ambazo kompyuta inaweza kuzitumia kufikia hitimisho. Nawashukuru kwa dhati, maana ushauri huo umelifungua fundo. Sasa natenganisha vitu viwili: kiasi cha maji chenyewe, ambacho hubaki kilekile hata kikihamia sakafuni, na nafasi iliyo ndani ya kikombe, ambayo hubaki ileile iwe imejaa au ni tupu. Kumwagika kumekuwa tukio lenye mwanzo na mwisho, linalounganisha nafasi mbili kupitia ukingo wa kikombe. Nilipoiuliza programu kuhusu kikombe kilichozibwa barabara kwa kifuniko, ilijibu kwamba maji hayatoki kwa kuwa ukingoni hakuna upenyo. Jibu hilo sikuliandika popote, lilizaliwa na kanuni zenyewe, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kinachosumbua bado ni sponji na kitambaa, kwa sababu maji yaliyofyonzwa hayakai katika nafasi moja iliyo wazi. Kwa sasa nakieleza kitambaa kama chombo chenye vijinafasi vingi mno. Mwenye njia bora zaidi namwomba anielekeze.