Mteja ana ankara nne hajalipa, sasa analeta oda mpya. Nimpokee?

FundiLebo

Habari zenu wakuu. Nachapisha lebo na vibandiko vya chupa, kazi ni yangu, niko na vijana wawili. Kuna mteja nafanya naye kazi mwaka wa tatu huu. Miaka miwili ya kwanza alilipa vizuri mpaka nikaacha kumdai malipo ya awali. Sasa ana ankara nne hajazilipa. Ya zamani kuliko zote imefika siku 94, na tulikubaliana siku 30.

Hanikimbii. Nikimpigia anapokea, anawaulizia watoto, halafu ananiambia mhasibu yuko likizo, au imebaki saini moja tu. Wiki iliyopita nilimwandikia ujumbe mrefu, akausoma, kimya. Jana kapiga mwenyewe. Moyo ukaruka, nikajua leo ndiyo leo. Kumbe anataka lebo 6,000 za bidhaa mpya, tena za haraka.

Karatasi na wino nanunua taslimu. Vijana nawalipa kila Jumamosi, niwe nimelipwa au sijalipwa. Mwezi huu nimekopa ili wapate chao, na daftari linasema nina faida! Nikiikataa oda, naogopa atahamia kwa mwingine na deni langu liishie hewani. Nikiikubali, deni linanenepa. Ningekuwa ndugu yenu mngeniambia nini?

MshonaSare

Pole sana kaka. Usiikubali kwa masharti ya zamani. Mimi nashona sare, na yalishanikuta: nilidhani nikiendelea kumshonea ndio nitakuwa nimemshika, kumbe nilikuwa namkopesha zaidi. Siku niliposimamisha mzigo ndipo alipoanza kunitafuta yeye.

Piga hesabu hii kabla hujamjibu. Tuseme katika kila 100 unayouza, faida yako ni 10. Asipokulipa 100, itabidi uuze kazi za 1,000 kwa watu wengine, na wote wakulipe, ndipo uifidie hiyo 100. Mimi hesabu hiyo ilininyima usingizi, maana nilikuwa nimeshamshonea miezi minne.

Wewe una bahati moja: leo yeye ndiye mwenye haraka. Mwambie kwa upole kabisa, "Ukimaliza ankara mbili za mwanzo na ukaweka nusu ya oda hii, naanza kesho asubuhi." Usigombe, na usimsimulie shida za nyumbani. Taja tu kiasi na tarehe.

MezaYaMalipo

Nimekaa miaka 11 upande wa pili, nikiandaa malipo ya wanaotudai. Kuna kitu wafanyabiashara wadogo hawaambiwi. Ankara isiyo na namba ya oda, yaani ile namba ambayo mteja ameipa oda yake, inawekwa pembeni, na mara nyingi hakuna anayekupigia kukuambia. Inakaa hapo mpaka uiulizie. Kwa hiyo kwanza hakikisha zako zote nne zimefika kwa anayezishughulikia, maana bosi unayeongea naye huenda hajawahi hata kuziona.

Na usingoje tarehe ipite. Piga siku tano kabla. Usiulize "mtanilipa lini?", maana jibu lake ni "hivi karibuni". Uliza: "Ankara namba fulani imeshaidhinishwa? Imeingizwa kwenye malipo ya tarehe ngapi?" Hapo mtu analazimika kufungua faili.

Fedha zikipungua, wakubwa huchagua nani alipwe. Nilikokuwa mimi, wa kwanza alikuwa yule anayeweza kusimamisha mzigo, akifuatiwa na anayepiga kila wiki. Mtu mwaminifu aliyenyamaza alibaki chini kabisa ya orodha. Nilikuwa nayaona majina yao kila mwezi, na iliniuma.

Wakili_wa_Jioni

Naongeza moja. Mtumie taarifa ya deni yenye ankara zote nne, tarehe na jumla, umwombe athibitishe kwa maandishi. Hata ujumbe mfupi wa "ni kweli nadaiwa kiasi hiki" una thamani kubwa. Kudai deni mahakamani kuna ukomo wa muda, na katika sheria za nchi nyingi mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akalipa sehemu yake, muda huo huanza kuhesabiwa upya. Hati alizosaini akipokea mzigo usizitupe. Akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali, ila kila awamu iwe na tarehe yake.

FundiLebo

Nawashukuru mno. @MezaYaMalipo, nimekagua: ankara mbili kati ya nne hazina namba ya oda. Nimezitoa upya na kumpelekea mhasibu moja kwa moja. Yupo kazini, wala hakuwa likizo. Taarifa ya deni nimemtumia bosi, amejibu kwamba anaikubali jumla yote. Sharti la @MshonaSare nimempa neno kwa neno, sauti ikinitetemeka. Alinyamaza kidogo, akasema Ijumaa ataingiza malipo ya ankara mbili pamoja na nusu ya oda.

Karatasi za oda mpya sijanunua.