Naomba ushauri: picha ya droni inaonyesha paa, mpaka uko ukutani

Wakuu, salaam. Tunapima makazi yasiyo rasmi, vipande vingi ni mita 6 kwa 8 na vichochoro havizidi mita moja. Lengo ni kila kaya iwe na kumbukumbu ya haki yake, kwa kutumia QGIS (programu ya kuchora ramani) na STDM (programu ya kusajili uhusiano wa watu na ardhi, hata wasio na hati).

GPS ya simu tuliiacha mapema. Hata pakiwa wazi inakosea mita 3 hadi 5, na katikati ya mabati mawimbi yanagonga kuta, kosa linaongezeka. Kwa kipande cha mita 6 hapo umeshaingia kwa jirani. Tukarusha droni, na alama za ardhini tukazipima kwa RTK (upimaji wa setilaiti wenye usahihi wa sentimita chache). Picha ni safi, pikseli moja sentimita 4. Lakini mapaa yanatokeza hadi nusu mita na mengine yamepandana, hivyo poligoni (maumbo ya mipaka tunayochora juu ya picha) zinaingiliana. Tulijaribu kupunguza kipimo kimoja kila upande. Haikufaa, maana hakuna pande mbili zinazotokeza sawa.

Je, mnapima kila ukuta kwa futi ya utepe, au mnachapisha picha na kuchora mpaka majirani wote wawili wakiwepo?

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: nyumba moja, mwenye nyumba haishi hapo, wapangaji wanne. Kwenye STDM mnawaunganisha wote na poligoni moja kwa mahusiano tofauti, au kila chumba na poligoni yake? Sitaki siku ya fidia aonekane mwenye nyumba peke yake.